Ardhi hii tuipe jua, upepo, au vyote viwili?

Swali hili huwakaba wenye mashamba makubwa, vyama vya ushirika, halmashauri na kampuni changa za umeme. Ardhi ipo, jua linawaka, upepo nao unavuma, lakini haijulikani kifungwe nini. Mara nyingi jibu hutoka kwa aliyewahi kubisha hodi. Anayeuza paneli huona jua kila kona, na anayeuza mitambo ya upepo huona upepo hata bondeni. Ardhi yenyewe haiulizwi.

Hapa nitalinganisha njia tatu: shamba la sola, shamba la upepo, na mradi mseto unaoweka vyote viwili pamoja. Nazungumzia miradi ya kuanzia takriban megawati moja kwenda juu, inayouza umeme kwenye gridi. Paneli za kwenye paa la nyumba ni habari nyingine.

Vigezo

Maswali ni matano. Nguvu ya asili ni kiasi gani hapo, na utaithibitishaje? Sura ya ardhi na udongo wake vinaruhusu nini? Eneo linalohitajika lina ukubwa gani, na linaloachwa wazi litafanya kazi gani? Umeme utatokaje, na vifaa vitaingiaje? La tano: ni nani, na ni viumbe gani, ambao tayari wanaitegemea ardhi hiyo?

Watu wengi huanza na swali la kwanza na kuishia hapohapo. Mimi nayapa uzito mkubwa zaidi mawili ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayoua miradi ambayo kwenye karatasi ilionekana safi. Hata hivyo nitaanza na la kwanza, maana ndipo jua na upepo vinapoachana njia.

Nguvu iliyopo na namna ya kuithibitisha

Jua lina sifa moja ambayo wengi hawaithamini vya kutosha: makosa yake ni madogo. Maeneo ya jangwa yenye jua kali hupokea zaidi ya kilowati-saa 2,200 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na maeneo ya kaskazini mwa Ulaya hupata kama 1,000. Yaani kati ya pazuri sana na pa kawaida tofauti ni kama mara mbili tu. Ndani ya wilaya moja, viwanja viwili vilivyo umbali wa kilomita kumi hupata jua linalokaribiana, isipokuwa pale penye ukungu wa asubuhi au kivuli cha mlima. Ndiyo maana ramani ya bure ya Global Solar Atlas, inayotolewa na Benki ya Dunia kwa data za satelaiti, inatosha kabisa kwa uamuzi wa awali. Kifaa cha kupimia mionzi pale pale kiwanjani kinahitajika baadaye, mradi unapokuwa mkubwa na benki inapotaka uhakika.

Mambo mawili hupuuzwa. La kwanza ni joto. Uwezo unaoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Seli ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida mchana wa jua kali, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu imekwenda. Kwa hiyo nyanda za juu zenye baridi na anga safi zinaweza kulizidi jangwa ambalo kwenye ramani ya mionzi linaonekana jekundu zaidi. La pili ni vumbi. Kiwanja kilicho kando ya machimbo ya kokoto au barabara ya udongo kitadai kuoshwa mara kwa mara, na maji ya kuoshea lazima yatoke mahali fulani.

Upepo una hesabu tofauti kabisa. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi, yaani kasi yake kwa kipeo cha tatu. Kasi ikipanda kutoka mita 6 kwa sekunde hadi mita 7, nguvu haipandi kwa moja ya sita bali kwa karibu asilimia 59. Geuza hesabu hiyo upate machungu yake: ukikadiria mita 7 kumbe ni 6, zaidi ya theluthi ya nguvu uliyoitegemea haipo. Umeme unaotoka haupungui kwa kiwango kilekile, kwa kuwa mtambo una kikomo chake cha juu, lakini pengo linabaki kubwa vya kutosha kuzamisha mkopo. Na mtambo hata uwe mzuri vipi hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Kikomo hicho kilionyeshwa na mwanafizikia Mjerumani Albert Betz karne moja iliyopita, na hakuna muuzaji anayekipita.

Tena upepo hubadilika ndani ya hatua chache. Kilima kimoja, msitu, hata safu ndefu ya miti hutosha kuuvuruga. Global Wind Atlas, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, hugawa dunia katika viraba vya mita 250. Ni msaada mkubwa wa kuchuja maeneo, ila usitie saini mkataba wa ujenzi kwa kuitegemea hiyo peke yake. Panahitajika mnara wa kupimia au kifaa cha leza kinachopima upepo kikiwa chini, kwa miezi isiyopungua 12 ili misimu yote ipite, kisha matokeo yalinganishwe na kumbukumbu za miaka mingi. Mwaka mmoja unaweza kuwa wa upepo mwingi kuliko kawaida, nao ukadanganya.

Kwa macho, tafuta miti iliyoinama upande mmoja au iliyokosa matawi upande unaokabili upepo. Ni ushahidi mzuri wa upepo wa kudumu. Upepo unaouhisi usoni hausemi mengi, maana uso wako uko chini ya mita mbili na kitovu cha mtambo wa kisasa, pale mapanga yake yanayozunguka yanaposhikana, kiko mita 80, 100 au zaidi. Kumbuka pia mwinuko wa eneo: kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na hewa nyepesi ikienda kwa kasi ileile husukuma mapanga kwa nguvu pungufu.

Mradi mseto unadai kujua wastani wa mwaka na, zaidi ya hapo, ratiba ya saa kwa saa. Faida yake yote imo katika upepo kuvuma jua linapokosekana, usiku au majira ya mawingu. Upepo ukifika kileleni saa sita mchana pamoja na jua, mtakuwa mnagombania waya uleule.

Sura ya ardhi na udongo

Sola inapenda tambarare. Mteremko usiozidi asilimia 5 hauna taabu. Ukifika 10 au 15 bado inawezekana, lakini kusawazisha ardhi na kuzuia mmomonyoko kunaanza kula bajeti. Mteremko mdogo unaoelekea ikweta ni neema, yaani uelekeao kusini kama uko kaskazini mwa ikweta, na kaskazini kama uko kusini. Adui ni maji yanayotuama, udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, kwa sababu nguzo za kubebea paneli kwa kawaida hupigiliwa chini. Chimba mashimo ya majaribio mapema. Ni kazi ya siku chache na inaokoa mengi.

Upepo unapenda migongo ya vilima iliyo mviringo, nyanda za juu zilizo wazi, pwani, na mapengo kati ya milima ambamo hewa hubanwa ikaongeza kasi. Ukingo wa genge lenye kuta wima haufai kama unavyoonekana, kwani hewa ikigonga ukuta hujiviringa na kuleta msukosuko unaochosha mapanga na giaboksi. Uzuri ni kwamba ardhi ya katikati ya mitambo inaweza kuwa na mawe, mabonde na makorongo bila shida. Kinachohitaji uimara ni pale kila mtambo unaposimama, juu ya msingi wa zege la mamia ya mita za ujazo, na kila msingi uchunguzwe kwa kuchoronga mahali pake.

Ardhi inayofaa zaidi kwa mseto ni ile yenye sura mbili: mgongo wa kilima upande mmoja na tambarare chini yake. Paneli zikae ambako vivuli vya minara havizifikii.

Ukubwa wa eneo na ardhi inayobaki

Kwa makadirio ya awali, megawati moja ya sola huchukua hekta moja na nusu hadi mbili na nusu. Bustani ya sola ya Bhadla huko Rajasthan, India, yenye megawati 2,245, imetandazwa kwenye kilomita za mraba zipatazo 56, na ukigawanya utaona inaangukia mwisho wa juu wa kipimo hicho. Eneo lote huzungushiwa uzio. Hata hivyo si lazima life kilimo. Wajerumani Adolf Goetzberger na Armin Zastrow walipendekeza tangu 1981 kwamba paneli ziinuliwe na kutenganishwa ili mazao yaote chini yake, na leo kulisha kondoo kati ya safu za paneli ni jambo la kawaida katika nchi kadhaa. Lakini hilo lipangwe kabla ya kuchora mradi, maana paneli zilizofungwa chini mno hazipitishi mnyama wala jembe.

Upepo una kinyume chake cha kushangaza. Maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, ilipokusanya takwimu za mashamba ya upepo ya nchi hiyo mwaka 2009, ilikuta wastani wa hekta zipatazo 34 kwa megawati, ila ardhi iliyobanwa moja kwa moja na misingi, barabara na vituo ilikuwa karibu theluthi moja ya hekta. Kinachobaki ni shamba au malisho kama zamani. Nafasi hiyo kubwa inahitajika kwa sababu kila mtambo huacha nyuma yake upepo uliochoka. Mitambo hupewa umbali wa mara 5 hadi 10 ya kipenyo cha mapanga kwa mwelekeo wa upepo mkuu; kwa kipenyo cha mita 120 hiyo ni mita 600 hadi 1,200. Hapa mwenye shamba dogo anapaswa kuelewa jambo la wazi: hekta zako kumi zinaweza kubeba mtambo mmoja, na jirani aliye upande upepo unakotoka akijenga wa kwake, wako utapungukiwa.

Kwa mseto, paneli zinaweza kutumia sehemu ya ardhi iliyo wazi kati ya mitambo. Ila hiyo ndiyo ardhi ambayo wakulima na wafugaji walikuwa wameahidiwa kubaki nayo. Ahadi mbili haziwezi kukaa juu ya kiraba kimoja.

Waya na barabara

Hapa naomba msomaji atulie. Eneo bora duniani bila njia ya umeme ni mandhari tu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, katika mojawapo ya sehemu zenye upepo mzuri kuliko zote barani Afrika. Mitambo ilisimikwa ikakamilika mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilichelewa, na umeme haukuingia gridini hadi Septemba 2018. Mkoa wa Gansu nchini China nao ulijenga mitambo kwa kasi iliyozidi uwezo wa nyaya na soko lake; mwaka 2016 karibu asilimia 43 ya umeme wa upepo uliowezekana kuzalishwa huko haukutumika.

Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, nenda kwa mwenye gridi na maswali haya: kituo cha kupozea umeme kilicho karibu kina msongo gani, nafasi iliyobaki kwenye transfoma na kwenye njia ni kiasi gani, na ni miradi mingapi iko kwenye foleni mbele yangu? Kuona nguzo zikipita shambani kusikufariji sana, maana njia ya msongo mkubwa haichomekwi popote. Na umbali wa kwenye ramani si umbali wa waya: waya hukwepa makazi, mito na hifadhi, na kila mwenye ardhi unamopita ana haki ya kulipwa.

Kwenye kigezo hiki sola ina unafuu. Kwa kuwa jua halitofautiani sana, unaweza kukisogeza kiwanja hadi karibu na kituo na kupoteza kidogo tu. Upepo hukulazimisha uende uliko.

Usafirishaji nao hivyohivyo. Paneli huja kwenye kontena na lori la kawaida huzifikisha. Panga la mtambo wa kisasa lina urefu wa mita 60 au zaidi na husafiri likiwa zima. Kona kali moja, daraja jembamba au mlango mwembamba wa mji unatosha kulizuia. Anayefikiria upepo aiendeshe gari barabara yote kutoka bandarini hadi kiwanjani, akipima kona na kuuliza uwezo wa madaraja, kabla hajaagiza mnara wa kupimia.

Mseto hung'ara hapa: kituo kimoja, waya mmoja, vyanzo viwili vinavyoujaza kwa saa tofauti. Kama kuna sababu moja ya haki ya kuuchagua, ni hii.

Wenye haki, majirani na viumbe

Neno "ardhi tupu" lifutwe kwenye daftari la mtafutaji wa kiwanja. Palipo wazi kiangazi pana mifugo masika. Njia isiyo na kibao ndiyo ya kwenda kisimani. Mahali pasipo na nyumba pana makaburi. Tembelea ardhi katika misimu yote, na uwaulize wazee na wanawake wanaochota maji, si mwenye hati peke yake.

Gharama ya kuruka hatua hii iko kwenye kumbukumbu za mahakama. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Kenya huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kuwa vibali vya mashamba ya upepo ya Storheia na Roan, kwenye rasi ya Fosen, vilikiuka haki ya Wasami wafugao kulungu wa baridi kuendeleza utamaduni wao. Katika kesi zote mbili mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Mlalamikaji anashinda, mradi umeshajengwa, na hakuna anayelala usingizi.

Kwa majirani, upepo una mzigo mzito zaidi: sauti, na kivuli cha mapanga kinachopita na kurudi kwenye madirisha jua likiwa chini. Ujerumani imeweka kikomo cha saa 30 za kivuli hicho kwa mwaka na dakika 30 kwa siku kwa kila nyumba, na kipimo hicho kinafaa kuanzia hata pasipo na kanuni. Kwa ndege na popo, mahali ndiyo kila kitu. Altamont Pass huko California ilijengwa mitambo ya zamani ndani ya mawindo ya tai wa dhahabu, na jina lake limebaki na doa hadi leo. Ongeza pia viwanja vya ndege na rada, ambavyo vinaweza kufuta eneo zima kwa barua moja.

Sola haina mlio wala mnara. Kosa lake ni jingine: inafunga. Uzio wake hukata njia za watu na wanyama, na ukifyeka uoto wote, mvua ya kwanza itabeba udongo hadi kwa jirani. Ardhi iliyokwisha kuharibika, kama machimbo yaliyofungwa au madampo ya zamani, huifaa sana, ikithibitishwa kwamba haititii. Mseto unabeba mizigo yote miwili, na tathmini yake ya athari kwa mazingira lazima iwe ya vyote, si ya kimoja kikifichwa nyuma ya kingine.

Nani anafaidika na nini

Sola inamfaa mwenye eneo dogo au la kati, anayetaka kuanza mapema, asiye na mtaji wa kungoja vipimo vya mwaka mzima. Upepo unamfaa mwenye ardhi pana, au kundi la wenye ardhi waliokubaliana, wanaotaka kuendelea kulima na walio tayari kusubiri. Mseto unamfaa aliye na waya wenye nafasi, ardhi yenye sura mbili, na mhandisi anayeweza kusoma data za saa kwa saa.

Ukiwa katika hali hii

Kama una chini ya hekta 20, tambarare, na kituo cha umeme kiko kilomita chache, anza uchunguzi wa sola. Fikiria upepo iwapo tu majirani wataungana nawe.

Kama ni ardhi ya kijiji inayotumika kwa malisho, jua likiwa zuri na upepo pia, upepo huacha malisho mengi zaidi. Lakini lipeni uzito suala la sauti na umbali wa nyumba, na mgawanyo wa mapato uandikwe kabla mnara wa kwanza haujafika, maana mitambo itasimama kwa wachache na vumbi la barabara litakuwa la wote.

Kama kuna shamba la upepo tayari na waya wake hulala bure mchana, kuongeza sola pembeni huenda kukawa rahisi kuliko kuanza kiwanja kipya popote.

Kama upepo ni mkali lakini kituo kiko mbali sana, usinunue wala kukodisha bado. Fuatilia mipango rasmi ya gridi, pima taratibu, na usiingie gharama ya ujenzi mpaka waya uwe na tarehe na fedha.

Na kama tayari ameketi kwako mtu mwenye mkataba wa miaka 25 au 30 anayetaka saini leo, mpe ruhusa ya kupima tu: muda maalumu, malipo ya mnara au kifaa, sharti la kurudisha ardhi ilivyokuwa, na nakala ya data zote ibaki kwako hata asiporudi.